Kwani Python Ziko Ngapi?

Ilikuwa Alhamisi jioni, mvua ya vuli ikipiga bati la ofisi yetu mjini Tanga, na karibu watu wote walikwisha kuondoka. Mwenzangu mmoja wa kazini, binti aliyejiunga nasi mwaka huu na ambaye ni mwepesi wa kushika mambo, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake kwa zaidi ya saa nzima bila kusonga mbele. Alitaka kuchora grafu ya takwimu za mvua za miaka kumi, kazi ambayo kwa kawaida humalizika kabla chai haijapoa. Mstari wa kwanza wa msimbo wake wa lugha ya Python, `import pandas as pd`, unaoita maktaba ya pandas ya kuchambua takwimu, ulikuwa umewekewa alama ya njano yenye mawimbi, na alipoendesha faili alipata kosa la `ModuleNotFoundError`, yaani maktaba haikupatikana. Chini yake, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya VS Code, kihariri chake cha msimbo, kompyuta ilikuwa imemjibu mara tatu kwamba pandas imekwisha kusakinishwa.

"Kaka, huku inasema ipo, huku inasema haipo," aliniambia. "Nishike lipi?"

Niliinama, nikabonyeza Ctrl, Shift na P, nikaandika maneno mawili, nikachagua mstari wa tatu katika orodha iliyojitokeza. Alama ya njano ikatoweka, na grafu ikachorwa.

"Umefanya nini?"

"Nimechagua Python inayotakiwa."

"Kwani ziko ngapi?"

Nilimjibu jambo fulani lisilo na maana kuhusu mipangilio, nikachukua mwavuli wangu nikaondoka. Swali lake nimekaa nalo wiki tano. Nimekuwa nikiandika Python kwa miaka mingi, nimewaelekeza watu wengi mahali pa kubonyeza, na jioni ile nilitambua kwamba nilijua kitufe kilipo bila kuweza kueleza kinachotokea kinapobonyezwa.

Tulizihesabu

Asubuhi iliyofuata nilimwomba tufungue PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwenye kompyuta yake, tukaandika `where.exe python`. Zilijitokeza njia tatu. Ya kwanza ilikuwa Python aliyoipakua mwenyewe kutoka python.org. Ya pili ilikuja pamoja na Anaconda, mkusanyiko wa Python na maktaba zake, aliyoisakinisha chuoni na kuisahau. Ya tatu ilikuwa chini ya folda iitwayo WindowsApps: faili la `python.exe` linalowekwa na Windows yenyewe, ambalo likiitwa kwenye kompyuta isiyo na Python kutoka dukani hufungua tu duka la Microsoft. Ya nne haikuonekana katika orodha hiyo, kwa sababu ilikuwa ndani ya mradi wake, kwenye folda ya `.venv`, yaani mazingira yaliyotengwa ya mradi mmoja, aliyoitengeneza kwa kufuata somo fulani la video.

Nne, basi, na ukiiondoa ile ya kufungua duka, kila moja na vifurushi vyake, na hakuna inayojua habari za mwenzake.

(Nasema vifurushi nikiwa na maana ya maktaba za msimbo zinazosakinishwa kwa pip, chombo cha Python cha kusakinishia. Vile vya intaneti nitaviita bando, kama tunavyoviita sote, kwa sababu vyote viwili vitakutana huko mbele.)

Pandas yake ilikuwa imesakinishwa katika ile ya kwanza. Kihariri kilikuwa kikiangalia na kuendesha ile ya nne, ambayo ilikuwa tupu. Kwa hiyo terminali ilisema kweli, na alama ya njano nayo ilisema kweli.

Mistari mitano

Jambo lililonigeuza fikra halikutoka katika kitabu. Usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika na betri ikiwa na nusu, nilifungua folda ya `.venv` kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu, aina ya Linux, na kuanza kusoma kilichomo, faili kwa faili. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeichukulia kama chumba kilichofungwa: unaingia, unafanya kazi, unatoka. Nilitarajia kukuta Python nzima imenakiliwa humo.

Sikuikuta. Katika folda ya `bin` kulikuwa na `python`, lakini ilikuwa kiungo tu kinachoelekeza kwenye Python ya mfumo, `/usr/bin/python3`. Vifurushi vyangu vilikuwa chini ya `lib`. Na kwenye mlango wa folda kulikuwa na faili dogo la maandishi liitwalo `pyvenv.cfg`, lenye mistari mitano tu. Mstari wa `home` unasema Python mama iko wapi. Unaofuata, `include-system-site-packages = false`, unasema vifurushi vya mfumo visiguswe. Mitatu iliyobaki inataja toleo, faili halisi la Python iliyotumika, na amri iliyotengeneza folda hiyo.

Mtengano wote unategemea faili hilo.

Python inapoanza, huangalia kama pembeni mwa faili lililoitwa, au ngazi moja juu yake, kuna `pyvenv.cfg`. Likiwapo, hutafuta vifurushi katika folda hiyo na kuacha vile vya mfumo. Utaratibu huu uliingizwa ndani ya Python yenyewe katika toleo la 3.3, mwaka 2012. Kabla ya hapo kulikuwa na virtualenv, aliyoitoa Ian Bicking mwaka 2007, ambayo ililazimika kufanya mbinu nyingi kutoka nje ili Python iamini kwamba imehamia nyumba nyingine.

Kisha nikafungua faili la `activate`, ambalo nimeliita maelfu ya mara bila kulisoma. Linafanya mambo machache sana. Linaiweka folda ya `bin` mbele kabisa katika PATH, yaani orodha ya mahali ambapo terminali hutafuta programu. Linaandika jina la mazingira pembeni mwa alama ya kuandikia amri. Na linaacha njia ya kurudisha hali ilivyokuwa. Hivyo basi, nikiandika njia kamili, `.venv/bin/python ripoti.py`, bila kuwasha chochote, nimo katika mazingira yangu kikamilifu.

Nililijaribu hilo mara tatu kwenye giza kwa sababu sikuliamini.

Mazingira yaliyotengwa, kumbe, ni suala la Python ipi imeitwa kwa jina lake kamili. Kuwasha ni njia ya mkato ya kuita, na wala si sharti. Nilijiuliza ni watu wangapi niliowaambia kwa ukali, "Umesahau kuwasha," pasipo kuwaeleza kinachowaka ni nini.

Kihariri kina mikono mingi

Nikiwa na ufahamu huo nilirudi kwenye VS Code, na mambo mengi yaliyokuwa yakinisumbua kwa miaka yakaanza kunyooka.

Tunaposema kwamba kihariri kinatumia Python fulani, tunasema kana kwamba kihariri ni mtu mmoja. Kwa hakika kuna sehemu kadhaa zinazofanya kazi kando kando. Kuna kiendelezi cha Pylance, kinachosoma msimbo wako bila kuuendesha na kuweka zile alama za njano. Kuna kitufe cha pembetatu cha kuendesha faili. Kuna terminali, ambayo hufuata PATH iliyokuwapo ilipofunguliwa. Na kuna daftari la Jupyter, linaloendesha msimbo kipande kwa kipande, ambalo lina keneli yake, yaani Python inayouendesha msimbo huo, inayochaguliwa kwenye kona ya juu kulia ya daftari hilo. Unapochagua intapreta, yaani Python itakayotumika, kwenye mstari wa chini wa dirisha, Pylance na kitufe cha kuendesha hufuata. Terminali uliyoifungua kabla ya uchaguzi huo inaweza kubaki na Python ya zamani mpaka uifunge na kufungua nyingine. Daftari nalo lina uchaguzi wake, na keneli hiyo haiwezi kufanya kazi mpaka kifurushi cha ipykernel kiwemo katika mazingira husika.

Binti wa watu alikuwa amefungua terminali kwanza, akatengeneza `.venv` baadaye, kihariri kikaichagua chenyewe, naye akaendelea kusakinisha katika terminali ile ile ya mwanzo. Hakufanya kosa lolote ambalo mtu angeweza kulionyesha kwa kidole.

Tangu hapo nina zoezi moja ninalolifanya kabla ya kutoa ushauri wowote. Naomba mistari miwili iandikwe:

`import sys`
`print(sys.executable)`

Iendeshwe kwa kitufe, kisha iandikwe kwenye terminali baada ya kuita `python`, kisha kwenye daftari kama lipo. Njia zinazotoka zilinganishwe herufi kwa herufi. Siku tulipofanya hivyo kwenye kompyuta yake, kitufe kilitoa njia inayoishia na `.venv\Scripts\python.exe`, terminali ikatoa ile ya python.org, na daftari likatoa ya Anaconda. Aliziangalia njia tatu hizo kwa muda, akasema, "Kumbe nilikuwa nasakinisha kwa jirani."

Dawa yake ni fupi. Badala ya `pip install`, sasa tunaandika `python -m pip install`, kwa sababu pip ya namna hiyo haiwezi kuwa ya Python nyingine isipokuwa ile iliyoiita. Na kabla ya yote tunafungua folda ya mradi wenyewe katika kihariri, wala si folda kubwa inayobeba miradi yote, kwa kuwa VS Code hutafuta `.venv` katika folda iliyofunguliwa, na mtu aliyefungua Documents nzima hupewa Python ambayo hakuitarajia.

Kwa nini usumbufu wote huu

Aliniuliza pia hilo, na ni haki yake. Kwa nini tusiwe na Python moja, vifurushi vyote vikae humo, mambo yaishe?

Niliishi hivyo kwa muda mrefu. Tarehe 16 Juni 2024 ilitolewa 2.0 ya NumPy, kifurushi cha hesabu ambacho pandas hukitegemea, toleo kubwa la kwanza tangu lile la 1.0 la mwaka 2006. Watengenezaji wake walikwisha kutangaza mapema kwamba vifurushi vilivyojengwa juu ya toleo la zamani vitahitaji kujengwa upya. Mimi sikuwa nimesoma tangazo hilo. Wiki chache baadaye nilisakinisha kifurushi kidogo cha kusoma ramani, ambacho kilivuta NumPy mpya, na kwa kuwa kila kitu changu kilikaa mahali pamoja, pandas yangu ya zamani iligoma palepale. Ujumbe ulisema kwamba moduli iliyojengwa kwa NumPy 1.x haiwezi kuendeshwa katika 2.0. Nilikuwa na ripoti ya kuwasilisha kesho yake saa mbili asubuhi, ripoti ambayo haikuwa na uhusiano wowote na ramani. Nililala saa tisa usiku.

Miradi miwili isiyofahamiana ilikuwa ikigombea kifurushi kimoja.

Mifumo endeshi nayo imelitambua tatizo hili. Tangu Debian 12 (aina nyingine ya Linux) ya mwaka 2023, na Ubuntu za kipindi hicho hicho, ukijaribu kutumia pip kwenye Python ya mfumo unakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`, kwa sababu programu nyingi za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python na zinategemea vifurushi vile vile. Kuna njia ya kulazimisha, na walioitengeneza waliipa jina la wazi kabisa: `--break-system-packages`. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilikasirika na nikailazimisha. Sasa naliona katazo lile kuwa la haki.

Bando na flashi

Hapa ndipo shaka yangu kubwa ilipokaa, na bado haijaondoka yote.

Ushauri wa kila mradi na mazingira yake ni mzuri, lakini mara nyingi hutolewa na watu wasiohesabu megabaiti. PyTorch, kifurushi cha akili bandia, peke yake ni mamia ya megabaiti, na ukichukua ile yenye vifurushi vya kadi za NVIDIA unapita gigabaiti moja kwa urahisi. Kijana anayejifunza kwa bando la simu, ukimwambia afute mazingira na kuanza upya, unamwambia atoe fedha mfukoni. Nimewaona wengi wakirundika kila kitu katika Python moja si kwa kutojua, ila kwa kubana matumizi, na siwezi kuwalaumu.

Kwa kompyuta moja hali si mbaya kama inavyodhaniwa. Pip huweka akiba ya ilivyopakua, na ukisakinisha toleo lile lile katika mazingira mengine, haipakui tena. Kinachoongezeka ni nafasi kwenye diski. Chombo kipya cha uv, kilichotolewa na Astral mwezi Februari 2024 na kuandikwa kwa Rust, kimekwenda mbele zaidi: inapowezekana, hukiunganisha kifurushi kutoka kwenye akiba bila kunakili, hivyo mazingira matano yanaweza kushiriki nafasi ya moja. Mimi mwenyewe nakitumia kila siku. Kwa wanaoanza bado natumia venv, ile inayotengeneza `.venv`, kwa kuwa inakuja na Python yenyewe, ingawa kwenye Ubuntu itakubidi uiongeze kwa `apt install python3-venv`.

Ofisini tulitaka kupakua mara moja na kugawana kwa flashi. Niliandika `pip download -r requirements.txt -d vifurushi`, ambapo `requirements.txt` ni orodha ya vifurushi vya mradi, nikampelekea binti folda nzima, naye akasakinisha kwa `--no-index --find-links vifurushi` ili pip isiende kabisa kwenye intaneti. Ikakataa. Tulikaa tukayasoma majina ya mafaili, na jibu lilikuwa limeandikwa humo humo. Faili langu la NumPy liliishia na `cp312-cp312-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl`. Sehemu ya `cp312` ni Python 3.12, na `manylinux` ni Linux. Kompyuta yake ya Windows ilihitaji jina linaloishia na `win_amd64.whl`. Niliyapakua tena kwa kuongeza `--platform win_amd64 --only-binary=:all:`, na safari hii yakaingia yote bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando lake.

Majina hayo nilikuwa nimeyapita kwa macho miaka yote.

Folda aliyoibadilisha jina

Wiki ya tatu aliniita tena. Alikuwa amebadilisha jina la folda ya mradi kutoka `mvua` kuwa `mvua_tanga`, jambo la busara kabisa, na tangu hapo kila alipoita pip alipata kosa linalosema programu haiwezi kuanzishwa.

Tulifungua folda ya `Scripts`. Faili la `pip.exe` linabeba ndani yake njia kamili ya Python iliyolitengeneza, na njia hiyo ilikuwa bado inataja `mvua`. Kwenye Linux ni vivyo hivyo, ila huko unaweza kuisoma kwa macho katika mstari wa kwanza wa faili la `bin/pip`. Mazingira haya hayakutengenezwa kuhamishwa, kunakiliwa, wala kutumwa kwa mwenzako.

"Basi nirekebishe njia?"

"Futa folda nzima ya `.venv`."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia achome daftari la hesabu. Nilielewa hofu yake, kwa maana nami niliwahi kuzilinda folda hizo kama mali. Lakini hakuna kazi yake yoyote iliyokuwa humo. Kazi ilikuwa katika mafaili yake ya msimbo na katika `requirements.txt`, folda ya `.venv` ni matokeo tu, na ndiyo maana haiingizwi kwenye Git, chombo cha kuhifadhi historia ya msimbo. Toleo la Python 3.13 hata huweka faili la `.gitignore` ndani yake lenyewe, ili isibebwe kwa bahati mbaya.

Alifuta. Akaandika `py -m venv .venv`, akachagua intapreta upya kwenye mstari wa chini, akafungua terminali mpya, akasakinisha kutoka kwenye flashi. Hatukumaliza hata dakika tano.

Kitufe au njia

VS Code ina amri inayofanya karibu yote hayo kwa mibofyo michache: inakuuliza unataka venv au Conda (mazingira ya Anaconda), inatengeneza folda, inasakinisha vilivyo katika `requirements.txt`, inaichagua intapreta. Kwa wiki kadhaa nimejadiliana na nafsi yangu kama niwafundishe wageni kitufe hicho na kuyaacha haya mengine. Hoja ya upande wa kitufe ni nzito: mtu amekuja kuchora grafu za mvua, hakuja kusoma `pyvenv.cfg`, na anayekwama siku ya kwanza mara nyingi harudi siku ya pili.

Hata hivyo nimeamua kuanza na njia. Kitufe kinapofanya kazi, hakuna tofauti. Kinaposhindwa, aliyefundishwa kitufe hana pa kushika. Anasakinisha upya, anasakinisha tena, na hivyo ndivyo kompyuta moja inavyofikisha Python nne. Aliyewahi kuita `.venv\Scripts\python.exe` kwa mkono wake angalau ana swali la kuuliza: ni ipi iliyoitwa hapa? Huchukua nusu saa zaidi katika somo la kwanza, na nusu saa hiyo naitoa.

Bado sijaridhika na namna tunavyoandika `requirements.txt`. `pip freeze` hutoa kila kitu kilichomo, pamoja na vifurushi ambavyo hatukuvichagua sisi bali vilivutwa na vingine, na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka kipi ni chetu. Kwa sasa tunaandika kwa mkono vile tunavyovihitaji moja kwa moja, na tunaihifadhi orodha ya `freeze` kando, katika faili jingine, kwa ajili ya siku ya matatizo. Mwaka 2025 jumuiya ya Python ilikubaliana juu ya muundo mmoja wa faili la kufungia matoleo, `pylock.toml`, na nasubiri zana tunazozitumia zizoee.

Mwezi ujao ofisi inahamia toleo jipya la Python, na `.venv` zote zitafutwa. Flashi ina folda mbili, moja ya Windows na moja ya Linux. Binti ndiye anayezijaza safari hii, na jana alinipigia kuuliza kama kifurushi kisicho na `cp` katika jina lake, chenye `py3-none-any` tu, kinaweza kukaa katika folda zote mbili.

Kinaweza.